Mbao, Mivukuto na Lenzi Iliyogeuzwa: Historia ya Kupiga Picha za Vitu Vidogo kwa Gharama Ndogo

Tawi la upigaji picha linaloshughulika na vitu vidogo, kama vile mdudu, chavua ya ua au chembe ya theluji, hujulikana siku hizi kwa jina la makro, na wengi huliona kuwa ni kazi ya wenye fedha. Sifa hiyo imetokana zaidi na bei za madukani kuliko na historia ya kazi yenyewe. Lenzi ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa picha za makro na kuuzwa kwa wapigaji wa kawaida ilitoka mwaka 1955, ilhali kwa miaka 70 kabla ya hapo wakulima, walimu na makarani walikuwa wamekwisha kupiga picha za vitu vidogo ambazo hadi leo huwekwa katika makumbusho. Kwa hiyo njia ambazo sasa hutajwa kama kimbilio la wasiojiweza ndizo njia za asili za fani hii, na vifaa vya bei kubwa vilikuja baadaye kuzirahisisha.

Makro, kwa maana yake kamili, ni picha ambayo taswira inayoangukia filamu au kihisi cha kamera ina ukubwa sawa na kitu chenyewe au inakizidi, yaani uwiano wa 1:1 na kuendelea, hivyo kwamba sisimizi wa milimita 5 huchukua milimita 5 za filamu. Jina lenyewe lilipendekezwa nchini Marekani mwaka 1899 na W. H. Walmsley, aliyetaka kutenga picha zilizokuzwa chini ya mara 10 na zile zinazopigwa kwa hadubini. Kanuni inayotawala kazi hii ni nyepesi: kadiri lenzi inavyowekwa mbali na filamu, ndivyo inavyoweza kulenga kitu kilicho karibu zaidi na ndivyo taswira inavyokua. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita 50 kutoka mahali inapolenga vitu vya mbali, hutoa uwiano wa 1:1. Umbali huo haununuliwi, kwa kuwa hata boksi la mbao laweza kuutoa, lakini una masharti yake mawili. Kwanza, mwanga unaofika kwenye filamu katika uwiano huo hupungua hadi robo. Pili, kina cha ukali, yaani unene wa sehemu ya kitu inayoonekana wazi bila ukungu, huwa kidogo mno. Karibu kila hatua ya historia inayofuata ilikuwa jibu kwa mojawapo ya masharti hayo.

Majaribio ya awali yalitangulia hata uvumbuzi wa picha za kudumu. Mwaka 1802, Humphry Davy aliandika jijini London juu ya kazi yake na Thomas Wedgwood, waliotumia hadubini ya jua, chombo kinachokusanya miale ya jua kwa kioo na kuitupa taswira ya kitu kidogo juu ya karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha. Taswira ilipatikana, ila hawakujua namna ya kuizuia isififie. William Henry Fox Talbot, aliyelitatua tatizo hilo katika miaka ya 1830, alitumia chombo cha aina hiyo hiyo kupiga picha za mabawa ya wadudu, naye alikuwa mtu wa ukwasi, ingawa kamera zake za kwanza zilikuwa visanduku vya mbao tu vilivyokuwa vikichongwa na seremala wa kijiji chake cha Lacock.

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi ya gharama ndogo ni wa Wilson Bentley, aliyezaliwa mwaka 1865 kijijini Jericho, katika jimbo la Vermont, Marekani, kwa wazazi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimpa hadubini kuukuu alipofikia umri wa miaka 15, na baada ya kijana huyo kuchoka kuchora chembe za theluji zilizoyeyuka kabla mchoro haujakamilika, baba yake, ambaye aliyaona mambo hayo kuwa ni upuuzi, alikubali hatimaye kununua kamera ya mivukuto. Mivukuto ni kifuko kilichokunjwa kunjwa, kisichopitisha mwanga, kinachounganisha lenzi na bamba la kioo lenye dawa na kuruhusu umbali kati yao urefushwe au ufupishwe. Bentley aliiunganisha kamera hiyo na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, akapata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji.

Namna alivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hakuna kifaa chake ambacho mwanakijiji asingeweza kukipata, ukiacha kamera na hadubini vyenyewe. Alikuwa akisimama nje ya banda lisilo na moto, akiipokea theluji juu ya ubao mweusi, akichagua chembe kwa jicho, kisha akiihamisha kwa kijiti chembamba hadi kwenye kioo cha hadubini na kuilaza kwa unyoya wa bata mzinga, huku akibana pumzi ili joto lake lisiiyeyushe. Kwa kuwa mivukuto ilipokuwa imevutwa mkono haukuweza kufikia kirekebishi cha hadubini mtu akiwa ameangalia taswira kwa nyuma, alifunga magurudumu na kamba za kukizungusha kutoka mbali. Ugunduzi wake mkubwa, hata hivyo, haukuwa wa kifaa bali wa subira: aliona kwamba tundu la lenzi likifanywa dogo sana, kina cha ukali huongezeka, na upungufu wa mwanga hufidiwa kwa kuliacha bamba wazi kwa muda mrefu zaidi. Chembe iliyotulia katika baridi iliuruhusu muda huo, jambo ambalo mdudu aliye hai asingelikubali.

Kwa mpangilio huo huo Bentley aliendelea hadi kifo chake mwezi Desemba 1931, akiwa na picha zaidi ya 5,000, nyingi akiziuza kwa senti 5 za Marekani kwa nakala. Nchini Ujerumani, ambako Richard Neuhauss alikuwa akipiga picha za theluji kwa ajili ya mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann, Bentley alilaumiwa kwa kuziharibu kingo za chembe, maana alikuwa akikwangua kwa kisu dawa iliyozunguka taswira kwenye nakala za negativu ili mandharinyuma yawe meusi. Lawama hiyo haikukosa haki kabisa, na ingeongezewa nyingine, kwamba alizipendelea chembe zenye ulinganifu, ilhali nyingi zinazoanguka ni za kombokombo. Lakini picha za Neuhauss, zilizokuwa aminifu zaidi, hazikumbukwi na wengi.

Nchini Ujerumani kwenyewe, Karl Blossfeldt, aliyeanza maisha kama mwanagenzi katika kiwanda cha kusubu chuma na baadaye akafundisha uchongaji wa mimea kwa miaka zaidi ya 30 katika chuo cha sanaa jijini Berlin, alikuwa akitumia kamera aliyoiunda mwenyewe. Alihitaji vielelezo vya darasani, wala hakukusudia kuitwa msanii. Mimea yake aliiokota kandokando ya reli na katika viwanja vitupu, akaiweka mbele ya karatasi nyeupe au ya kijivu, akatumia mwanga wa kawaida uliotawanyika. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1928, chenye picha 120 za machipukizi na mashina, kilimpatia umaarufu akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Huko Uingereza, Percy Smith, karani wa ofisi ya elimu, aliingia katika sinema kwa sababu ya picha aliyoipiga ya ulimi wa nzi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kamera ndogo za filamu ya milimita 35. Kamera hizo za mwanzo zilikuwa na tundu la kuchungulia lililo pembeni ya lenzi, na kwa vitu vya karibu mpigaji aliona kitu kimoja, filamu ikaona kingine. Kamera ya Kine Exakta, iliyotoka Dresden mwaka 1936, iliondoa tatizo hilo kwa kioo cha ndani kilichomwonyesha mpigaji kile kile kinachoonwa na lenzi. Tangu hapo pete za kurefusha, ambazo ni mirija mitupu isiyo na kioo chochote, zikachukua nafasi ya boksi la mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, skrubu ya kipenyo cha milimita 42 iliyotumiwa na viwanda vya Ujerumani Mashariki, Urusi na Japani ilizifanya pete za kiwanda kimoja zikubali lenzi za kingine, na hilo liliteremsha gharama kuliko uvumbuzi wowote wa kioo. Ilikuwa katika mazingira hayo ambapo lenzi ya Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt ilitokea mwaka 1955, ikifuatwa mwaka uliofuata na Micro-Nikkor ya Japani, iliyokusudiwa hasa kunakili maandishi ya Kijapani katika filamu ndogo.

Mbinu iliyo nafuu kuliko zote ni kugeuza lenzi. Lenzi ya kawaida hubuniwa kwa hali ambayo kitu kiko mbali na filamu iko karibu. Taswira inapoanza kukizidi kitu kwa ukubwa, hali hiyo hupinduka, na ni haki lenzi nayo ipinduliwe. Pete ya kugeuzia hushika mbele ya lenzi kwa skrubu ya chujio na kuiunganisha na kamera, na lenzi ya milimita 28 hutoa hivyo ukuzaji unaozidi mara 2. Mbinu hiyo ilipata kasoro mwaka 1987, Canon ilipoanza kuliendesha tundu la lenzi kwa umeme, kwa sababu lenzi iliyogeuzwa hukatika mawasiliano na kubaki wazi kabisa. Wapigaji wakagundua kwamba kitufe cha kuonyesha kina cha ukali kikiwa kimebanwa wakati lenzi inafunguliwa, tundu hubaki lilivyopangwa. Wengine wakazirudia lenzi za zamani zenye pete ya tundu, ambazo bei yake ilikuwa imeanguka kamera za dijitali zilipoenea. Lenzi za mashine za kukuzia picha katika vyumba vya giza nazo zilipata soko jipya, kwa kuwa zilikuwa zimesahihishwa tangu awali kwa kazi ya masafa mafupi.

Sharti la kina cha ukali lilipata jibu jipya pale kompyuta ilipoweza kuunganisha picha nyingi za kitu kimoja, kila moja ikiwa imelengwa hatua kidogo mbele ya nyingine, na kuchukua sehemu iliyo wazi ya kila picha. Programu ya CombineZ, iliyoandikwa na Alan Hadley, ilitolewa bure kwa kazi hiyo. Njia hiyo hudai kitu kisichotikisika, ndiyo sababu wapigaji wa wadudu huwatafuta alfajiri, kabla jua halijawapasha moto. Kwa mdudu aliyekwisha kuamka hutumika taa ya kumweka, kwani hata taa ndogo, ikiwekwa sentimita chache kutoka kwake, huruhusu tundu dogo la lenzi, na mmweko wake, uliopunguzwa nguvu, huisha katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, huku karatasi nyeupe iliyofungwa mbele yake ikiulainisha mng'ao wa gamba.