Buche (asili ya jina)

Buche ni jina la Kijerumani la mti ambao wanabotania huuita Fagus sylvatica, mti mrefu wa misitu ya Ulaya wenye gome laini la kijivu na majani yanayopukutika kila mwaka. Ch yake hutamkwa kama kh ya sabalkheri.

Katika Kijerumani cha kale neno lilikuwa buohha, na wanaisimu hulirudisha hadi bōkō katika lugha mame ya Kigermanik. Fagus ya Kilatini yatoka shina hilohilo, ingawa masikio hayakubali upesi. Mwanaisimu Jacob Grimm alieleza mwaka 1822 jinsi konsonanti hizo zinavyolingana kwa utaratibu: penye f ya Kilatini mwanzoni mwa neno, Kijerumani mara nyingi kina b (frater na Bruder, yaani kaka), na g ikawa k. Baadaye lahaja za kusini ziligeuza k hiyo kuwa ch. Waholanzi wamebaki na beuk. Wagiriki, kwa upande wao, waliliambatisha jina hilo, phegos, kwenye aina ya mwaloni.

Suala linalobishaniwa zaidi ni udugu wa Buche na Buch, yaani kitabu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Wagermanik walichonga herufi zao, runi, kwenye vibao vya mti huu. Yanavutia, ila ushahidi wake ni haba: mshairi Venantius Fortunatus, katika karne ya 6, anataja runi kwenye vibao vya mti mwingine kabisa, uitwao Esche kwa Kijerumani (Fraxinus). Tena katika Kigothi, lugha ya kale ya Kigermanik, boka ilikuwa na maana ya herufi, na wingi wake ndio uliomaanisha maandiko. Kwa hiyo baadhi ya wanaisimu huyatenganisha maneno hayo mawili. Buku la Kiswahili nalo limo katika ukoo huu wa Buch, japo lilipitia kwa Waingereza na si kwa Wajerumani waliotuachia neno shule.

Waslavi waliazima jina hilo kutoka Kigermanik wakapata buk, ndiyo maana eneo la Bukovina, lililogawanyika kati ya Ukraine na Romania, humaanisha nchi ya miti hiyo. Hainbuche, licha ya jina lake, si Buche: ni Carpinus betulus, wa jamaa ya mti uitwao Birke (Betula), na umeitwa hivyo kwa kufanana gome na majani tu.