Ajali na Kinga Yake

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga hutajwa sana matangani. Humfariji mfiwa, na katika saa kama hiyo si vyema mtu kubishana nayo. Lakini msiba ukishapita, methali hiyo hiyo huweza kutuzuia tusiulize swali la maana: je, kweli hapakuwa na la kufanya? Nataka kulichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya kifaa kimoja kidogo kitumiwacho katika mashua za mashindano, hasa huko Ulaya na Marekani. Kifaa hicho huitwa trapezi, jina lililotoka kwa wachezaji wa sarakasi wanaoning'inia hewani.

Chombo cha tanga husukumwa na upepo, na wakati huo huo hulazwa upande na upepo huo huo. Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Ngalawa imewekewa mirengu pande zote mbili isipinduke. Mabaharia wa mashua na majahazi huhamia upande ulioinuka, na katika mashindano ya Lamu huonekana wamekaa juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo, uzito wao ukikizuia kisilale. Baharia huyo hakufungwa na kitu chochote. Chombo kikimshinda, huanguka majini akiwa huru, akaogelea.

Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, wapenda mashua waliokuwa wakishindana katika Mto Thames walifikiri mbali zaidi. Mmoja wao, Beecher Moore, alitumia kamba iliyofungwa juu mlingotini. Mtu aliishika kwa mikono, akakanyaga ukingo wa mashua na kujinyoosha nje juu ya maji. Wakaiita kamba ya kengele, kwa kuwa aliyeishika alifanana na mpiga kengele wa kanisa. Kazi hiyo ilichosha mikono, lakini ilikuwa na usalama wake: aliyetaka kuachana na mashua alihitaji kufumbua vidole tu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobadili mambo. Mwaka 1938 Peter Scott, mwana wa yule msafiri mashuhuri wa Ncha ya Kusini, Kapteni Robert Falcon Scott, pamoja na mwenzake John Winter, walishindania Kombe la Prince of Wales huko Falmouth kwa mashua yao Thunder and Lightning. Safari hii aliyening'inia hakutegemea nguvu za mikono. Alivaa mikanda mwilini yenye kulabu, na kulabu ikashikwa na kamba itokayo mlingotini. Mwili mzima ukawa nje ya mashua, miguu tu ikiwa ukingoni, na mikono ikabaki kwa kazi nyingine. Wakashinda kombe hilo.

Wapo walioona kwamba huo si uungwana, na trapezi ikapigwa marufuku katika mashua za aina ile kwa muda wa yapata miaka 30. Lakini kitu chenye faida hakifungiwi milele. Mwaka 1951 Mholanzi Uus van Essen alibuni mashua iitwayo Flying Dutchman, ambayo ilikubali trapezi, nayo ikashindaniwa katika Michezo ya Olimpiki kuanzia 1960 hadi 1992. Mashua ya 470, iliyobuniwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963, ikaingia Olimpiki mwaka 1976. Nayo 420, iliyo ndogo zaidi, ikawa mashua ya kufundishia vijana katika nchi nyingi. Kwa njia hiyo kifaa kilichoanzishwa na mabingwa watu wazima kikafika viunoni mwa watoto wa shule.

Sasa tuangalie jinsi hatari inavyotokea. Upepo ukiongezeka ghafula, au usukani ukikosewa, mashua hulala ubavu na tanga likagusa maji. Kwa kawaida waya ukilegea, pete yake huanguka yenyewe kutoka kwenye kulabu, na mtu akawa huru. Taabu ni kwamba haiwi hivyo kila mara. Pete hufungiwa mpira wa kuvutika ili irudi mahali pake isipotumika, na mpira huo huweza kuibana pete isianguke. Pengine mtu hubiringika anapoanguka, waya ukamzunguka. Na hata akiwa ameachana na pete yake, kulabu ingali imetokeza tumboni, na humo majini zimetapakaa demani, nyaya za mlingoti na kamba nyingine za tanga. Kulabu iliundwa kushika kamba, nayo hushika kamba yoyote.

Mashua isipoinuliwa upesi huendelea kugeuka mpaka mlingoti ukaelekea chini na tumbo la mashua likawa juu. Hapo aliyenaswa huvutwa chini pamoja na kamba. Jaketi la kujiokolea, ambalo kila mwalimu husisitiza livaliwe, humsukuma juu dhidi ya tanga au sakafu ya mashua, likamfanya ashindwe kupiga mbizi atokee upande wa pili. Akijivuta kwa nguvu zake zote, kama afanyavyo kila mwenye hofu, huikaza kamba zaidi, kwa sababu kulabu ya kawaida huachia pale tu kamba inapolegea. Yambidi asogee kuielekea kamba ile ile inayomnasa, na hilo ni gumu kulikumbuka chini ya tanga, pumzi zikihesabika. Nao ubongo hauwezi kustahimili ukosefu wa hewa zaidi ya dakika chache.

Mwezi Juni 2011 msichana mmoja, mwanafunzi, alifariki kwa namna hiyo huko Annapolis, katika jimbo la Maryland, Marekani. Alikuwa katika mafunzo ya mashua za 420. Mashua ikapinduka, na mikanda yake ikanaswa chini ya maji. Hakuwa katika bahari kuu wala katika dhoruba ya kuvunja majahazi. Alikuwa mahali ambapo wazazi hupeleka watoto wao wakajifunze.

Je, watu hawakuijua hatari hii? Waliijua, na dawa yake pia ilikuwa imekwisha kubuniwa. Kulabu inayofyatuka kutoka kwenye mikanda mtu akivuta kitanzi, hata kamba ikiwa imekazwa, iliuzwa madukani miaka mingi kabla ya mtu yeyote kulazimishwa kuivaa. Lakini hoja za kuikataa hazikukosekana. Ilisemwa kwamba huweza kufyatuka bila kukusudiwa, ikamtupa mtu majini katikati ya mashindano. Ilisemwa kwamba chumvi na mchanga vitaikwamisha isipotunzwa, na kwamba bei yake ni kubwa kuliko ya kulabu ya kawaida. Hoja hizo si za kipuuzi. Hata hivyo, nadhani sababu kubwa zaidi ilikuwa mazoea. Mashua ndogo hupinduka kila siku, na karibu kila mara watu huibuka wakicheka. Jambo lisilotokea mara nyingi huonekana kana kwamba halitatokea kabisa.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani ISO, lilitoa kiwango namba 10862 kinachohusu mfumo wa kujifungua upesi katika mikanda ya trapezi. Kisha kanuni za kimataifa za mashindano za kipindi cha 2021 hadi 2024 zikaweka sharti kwamba mikanda hiyo iwe na kifaa cha kumfungua mvaaji upesi, na sharti hilo likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Tangu ushindi wa Falmouth hadi siku hiyo ilipita karibu miaka 85. Namna ya kumfunga mtu kwenye kamba ilipatikana katika muda wa miaka michache tu, kwa sababu ilileta ushindi. Namna ya kumfungua ilingoja karibu karne nzima.

Kulabu ya kufyatuka peke yake haitoshi. Walimu wazuri wa mashua hufunga kitu kinachoelea kwenye ncha ya mlingoti ili mashua isigeuke yote. Hubeba kisu chenye makali mahali panapofikika kwa mkono mmoja. Huwapindua wanafunzi kwa makusudi katika maji matulivu, wakiwa wamesimama karibu, ili mwili ujifunze la kufanya kabla ya siku ya hofu. Na mashua inapopinduka, kazi ya kwanza ni kuhesabu vichwa. Kuinua mashua huja baadaye.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika shule tunayo sababu ya kuyatafakari haya hata kama hatujawahi kupanda mashua ya mashindano. Mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, Kenya, moto uliwaua wavulana 67 bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Vyuma huwekwa kwa nia njema ya kuwazuia wezi, kama vile mikanda ilivyowekwa kwa nia njema ya kumshikilia baharia. Katika mambo yote mawili, aliyefunga alifikiria siku ya kawaida tu.

Kwa hiyo naishika methali ya wahenga kwa mipaka yake. Upepo wa ghafula hauna kinga, na cheche ya moto pengine haina. Lakini mtu kushindwa kujifungua alipofungwa ni jambo jingine, maana kila kifungo kina mtu aliyekibuni na mtu aliyekiruhusu. Mwalimu, mzazi au kiongozi anapokabidhiwa watoto na kuonyeshwa kifaa chochote cha kuwalinda au kuwasaidia, na aombe aonyeshwe pia jinsi mtoto anavyojifungua peke yake, gizani, akiwa na hofu. Akijibiwa kwamba haijawahi kuhitajika, asiridhike na jibu hilo.