Gunzi la Mahindi

Msomaji wangu, ukiingia jikoni kwa mama wa Meru au Embu baada ya mavuno, hutakosa kuona rundo la magunzi makavu. Huenda ukadhani yamekuwapo tangu kale. La! Wazee wetu wa miteremko ya Mlima Kenya waliishi kwa mtama, mawele, wimbi na viazi vikuu, na nafaka hizo hazina gunzi. Asili ya mahindi ni Amerika. Wareno waliyaleta pwani yetu tangu karne ya 16, lakini huku kwetu bara hayakutawala mashamba mpaka karne ya 20.

Gunzi lilipofika halikutupwa. Wakati wa kupukuchua, gunzi tupu husuguliwa juu ya hindi jingine ili punje zidondoke na vidole visichubuke. Likikauka huwasha moto upesi, nalo humpunguzia mama safari ya kutafuta kuni. Hufanywa kizibo cha kibuyu. Husugulia masizi ya sufuria. Na watoto hulivika kitambaa likawa mwanasesere. Katika miaka ya karibuni, vijijini Embu, watafiti pamoja na akina mama wamejaribu jiko linalopikia gesi itokayo katika magunzi, kisha makaa yanayobaki hufaa kurutubisha shamba.

Hata hivyo, gunzi lina fundisho kubwa zaidi. Zitazame nywele za hindi changa: kila unywele mmoja ndio njia ya kuzaa punje moja. Jua likiwa kali wakati huo, punje hazishiki, na gunzi hutoka lenye mapengo, pengine tupu kabisa. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana, na njaa ikaingia sehemu nyingi za Kenya. Katika nchi kavu za Tharaka na Mbeere, mtama na mawele huvumilia ukame kuliko mahindi. Basi aliyekuwa ameziacha nafaka hizo alijuta.

Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Tuyalime mahindi, maana yametulisha, lakini mtama nao tuutengee mahali pake. Na wewe, kabla hujalitia gunzi motoni, lisome kwanza. Yahesabu mapengo yake, nayo yatakueleza jinsi mvua ya mwaka huo ilivyokuwa.