Zamu si duru

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, kila mchezaji hurusha dadu mapigano yakizuka ili ijulikane nani atatangulia. Kwa kanuni za toleo la 2014, dadu ni ya pande 20, na matokeo hujumlishwa na kirekebishi cha wepesi wa mhusika. Shujaa akipata 17 na zimwi 12, upanga hushuka kabla rungu halijainuliwa.

Kuita utaratibu wote huo “mzunguko” ni kuchanganya mambo mawili. Nafasi ya mmoja ni zamu. Wote wakishapata zamu zao, hiyo ni duru. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu duru nzima huhesabiwa kuwa takriban sekunde 6, hata ikila robo saa mezani. Wachezaji hufuatana, wahusika wao wamo katika vurumai moja.

Tena zamu ni neno la wajibu: tunasema mwalimu wa zamu, muuguzi wa zamu. Mchezaji naye aipange hatua yake mapema, na msimamizi wa mchezo amsaidie kwa kutangaza: “Zamu ya Asha, Juma ajiandae.”