Pareto: kuchuma na kukausha ndiko kunakoamua bei

Pareto ni zao la maua meupe yenye kiini cha njano, linalolimwa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mtu asiyelijua akiliona kando ya barabara atadhani ni yale maua ya deizi yanayopandwa mbele ya nyumba kwa urembo. Hakosei sana, maana yote ni ya ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba ndani ya kiini cha pareto mna sumu inayoua wadudu, iitwayo pairethrini, na hiyo ndiyo inayotafutwa na kiwanda.

Asili ya mmea huu ni pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo leo ni Croatia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuuza pareto duniani. Vita vilipokata biashara hiyo, Kenya ikashika nafasi yake. Tanzania nayo hulima pareto katika mikoa kama Iringa, Njombe, Mbeya, Arusha na Manyara.

Zao hili linataka baridi, hasa usiku. Bila usiku wa baridi kwa wiki kadhaa mmea hautoi vitumba. Utastawi majani tu, na mkulima atasubiri maua yasiyokuja. Kwa hiyo pareto hulimwa kuanzia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiishi bondeni kwenye joto na mtu akakuletea miche ya pareto, usimpe fedha yako.

Miche hupatikana kwa mbegu kwenye kitalu, au kwa kung'oa shina la zamani lenye afya na kulipasua vipande vyenye mizizi. Njia ya pili ni rahisi, lakini ukipasua shina lenye ugonjwa unauhamishia shamba jipya. Angalia mizizi kwanza. Ikiwa na vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, na shina hilo halifai kupandwa. Wengi hupanda kwenye matuta, sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche, kwa sababu pareto haivumilii maji yanayotuama: mizizi huoza. Palizi ifanyike mapema, miche ikiwa bado midogo. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi huleta majani kuliko maua.

Maua ya kwanza huanza kuchumwa miezi minne hivi baada ya kupanda, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sehemu kubwa ya pairethrini hukaa kwenye vijimbegu vya kiini, wala si kwenye yale majani meupe ya ua. Ukichuma kitumba, vijimbegu havijakomaa na sumu ni kidogo. Ukichelewa mpaka ua likakauka shambani, vijimbegu huanza kupukutika na kubaki ardhini. Ua lililo tayari limekunjua majani yake meupe yakalala bapa, na kwenye kiini mistari miwili au mitatu ya nje ya vijiua vidogo vya njano imefunguka. Mfundishe kila anayechuma, watoto wakiwemo, kutazama kiini.

Kwa kuwa maua hayafunguki yote siku moja, shamba hupitiwa tena kila baada ya wiki mbili au tatu. Chuma umande ukishakauka, kata ua bila kikonyo, na utumie kikapu badala ya mfuko wa nailoni. Maua mabichi yakishindiliwa mfukoni hupata joto, huvunda na kuwa meusi, na dawa iliyomo hupungua. Kikonyo nacho hakina faida: kinaongeza uzito kwenye mizani, lakini kikipimwa kiwandani kinashusha kiwango cha sumu cha mzigo wote.

Kausha siku ile ile. Tandaza maua kwa tabaka jembamba kwenye kichanja chenye wavu, hewa ipite chini, na uyageuze mara kwa mara. Wengi huanika juani juu ya turubai, na maua hukauka, lakini mwanga mkali huharibu pairethrini. Kadiri yanavyokaa juani siku nyingi ndivyo yanavyopoteza nguvu. Kichanja chenye paa ni bora zaidi, na miti ya kukijengea mara nyingi ipo shambani. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Ua lililokauka vizuri kiini chake husagika ukikifikicha kwa vidole. Kikinatanata, rudisha kichanjani.

Maua makavu yahifadhiwe kwenye magunia, mahali pakavu na penye giza, na yasikae muda mrefu kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wachumaji huwashwa ngozi au kupiga chafya, hivyo mikono mirefu na kitambaa cha kufunika pua husaidia. Vikapu na maturubai visioshwe kwenye kijito au bwawa la samaki: sumu hii, isiyomsumbua sana mtu, huua samaki upesi.

Shamba linalotunzwa huchumwa kwa miaka mitatu au minne. Kila mwisho wa msimu kata mashina makavu ili machipukizi mapya yatoke. Maua yakianza kuwa machache, ng'oa yote na upande shayiri, ngano au mahindi kwa misimu kadhaa kabla ya kurudisha pareto hapo.