Imani na shaka katika sala

Imani na shaka katika sala ni suala la teolojia na maisha ya kiroho ya Kikristo linalohusu hali ya muumini anayemwomba Mungu huku akisitasita kama atasikilizwa. Suala hilo huwa zito hasa ombi lisipojibiwa: mgonjwa hakupona au mvua haikunyesha, na mwombaji anajiuliza, au anaambiwa na wenzake, kwamba amekosa imani.

== Katika Biblia ==

Agano Jipya lina mafundisho yanayoonekana kupingana. Yesu aliwataka wanafunzi wake waombe bila kuona shaka moyoni (Mk 11:22-24), na Waraka wa Yakobo unamlinganisha mwenye shaka na wimbi la bahari (Yak 1:6). Kumbe baba wa kijana mwenye pepo alikiri imani na papo hapo akaomba asaidiwe katika kutoamini kwake. Yesu hakumfukuza, bali alimponya mwanae (Mk 9:14-29). Vilevile Petro alipoanza kuzama ziwani, alishikwa mkono kwanza, ndipo akakemewa kwa kuona shaka (Mt 14:28-31).

Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba Yakobo halaumu kila swali linalomjia mtu, bali moyo uliogawanyika, yaani mtu wa nia mbili (Yak 1:8). Tena Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke (Mt 26:36-46), na Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini (2Kor 12:7-10); wote wawili hawakuondolewa mateso hayo. Kwa hiyo ombi kutojibiwa si ushahidi kwamba mwombaji hana imani.

== Katika mapokeo ==

Teresa wa Mtoto Yesu (1873-1897) alipatwa na giza la imani katika miezi ya mwisho ya maisha yake, lakini aliendelea kusali. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, zinaonyesha hali kama hiyo iliyodumu miaka mingi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) inaiita sala "vita", na kati ya magumu yake inataja ukavu wa moyo na malalamiko ya kutosikilizwa.

== Mkoani Mara ==

Mkoa wa Mara, nchini Tanzania, una Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Kwa upande wa Wakatoliki, Jimbo la Musoma liliundwa mwaka 1957, na Jimbo la Bunda likamegwa kutoka humo mwaka 2010. Wamisionari Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, na uamsho wa Afrika Mashariki ukawafikia huko mwaka 1942. Katika uamsho huo waumini waliungama makosa na udhaifu wao mbele ya wenzao, hivyo mapambano ya moyoni hayakubaki siri ya mtu mmoja. Wamennonite hao walianzisha pia hospitali Shirati, ambapo tiba na maombi vilikwenda pamoja.

Mwana wa mkoa huo anayejulikana zaidi ni Julius Nyerere (1922-1999), mzaliwa wa Butiama. Jina lake Kambarage lilikuwa la roho ya mvua katika imani za Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akajifunza dini kwa wamisionari wa Nyegina, lakini alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 tu, baada ya kifo cha baba yake. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume, zikiweka habari hizo za Biblia katika ushairi wa Kiswahili. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Nyerere alihusisha imani na matendo. Akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alionya kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na miundo inayowafanya watu wawe maskini, litapoteza maana kwao. Kwa mtazamo huo, shaka ya maskini haiwezi kujibiwa kwa kumhimiza asali zaidi tu.

== Katika uchungaji ==

Wachungaji wanaofuata mafundisho hayo hawamwambii mgonjwa kwamba ameshindwa kupona kwa kukosa imani, wala hawamwagizi aache dawa ili kuithibitisha. Humshauri amweleze Mungu shaka yake waziwazi, kama zaburi za maombolezo zinavyofanya. Zaburi 88 inaishia gizani bila jibu lolote, na bado imehesabiwa kuwa sala.