Mtoto Aliyemwasi Jaji

Kaeni vizuri, na asiyesikia asogee karibu na redio. Leo tunasoma historia ya picha moja ya senema. Labda mzee mmoja hapo ananong'ona kwamba senema ni mchezo wa vijana, si historia. Namwomba angoje kidogo.

Wewe unajua jinsi posa inavyokwenda. Mshenga hutumwa, wazee hukaa, mahari huhesabiwa, pombe ya ndizi hunywewa. Binti mwenyewe mara nyingi huulizwa mwisho. Katika miaka ya 1950, kule Unguja ng'ambo ya bahari, habari ilikuwa kama hiyo: wazazi ndio waliochagua. Kijana aliyependa kwingine alinyamaza, kwa kuwa kulisema jambo hilo mbele ya baba ni kukosa adabu. Ndipo ilipofika picha kutoka India iitwayo Awaara, yaani mzururaji. Ilitolewa mwaka 1951. Raj Kapoor aliitengeneza, na yeye mwenyewe akacheza kijana wa hadithi.

Hadithi ni hii. Jaji mmoja aliamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema. Kwa imani hiyo alimhukumu mtu aitwaye Jagga, kwa sababu tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga alipotoka akalipa kisasi: akamteka mke wa jaji, kisha akamwachia. Jaji akamshuku mkewe, akamfukuza akiwa na mimba. Mtoto, Raj, akazaliwa njiani, akakulia katika umaskini wa Bombay, na Jagga akamfundisha wizi. Basi mtoto wa jaji akawa mwizi! Hesabu ya jaji ikaharibika.

Raj alimpenda Rita, aliyesoma naye utotoni. Lakini Rita amekuwa mwanasheria, tena mlezi wake ni jaji yule yule, naye hataki kusikia. Huyu kijana ni mwana wa nani? Mwisho Raj anajaribu kumwua jaji, anashtakiwa, na Rita ndiye anayemtetea. Anafungwa miaka 3. Rita anaahidi kumngoja.

Kwangu mimi, nguvu ya picha iko kortini. Msichana anamhoji mzee aliyemlea, mbele ya watu. Hamtukani, wala hamwachii. Tena jaji huyo alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor! Baba na mwana wa kweli walisimama kushindana.

Unguja picha hii ilipendwa mno. Watu walikwenda senema jamaa nzima, na yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao. Wengi hawakujua Kihindi, lakini nyimbo walizishika. Waimbaji wa taarab nao walizoea kuchukua tuni za picha za Kihindi na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Mwanahistoria Laura Fair alipowahoji Waunguja miaka mingi baadaye, bado waliieleza Awaara na mabishano yaliyofuata: nani ana haki ya kuchagua, mzazi au mtoto? Jambo lisilosemeka nyumbani lilisemeka kwa kumtaja Raj na Rita.

Lakini utepe wa picha huchakaa. Hukwaruzika ndani ya mashine, hushika ukungu, rangi yake hufifia. Picha nyingi za zamani zimepotea kabisa kwa njia hiyo. Kuutengeneza upya ni kazi ya subira. Chukua kalamu: sekunde moja ya senema ina picha ndogo 24. Dakika moja ni 1,440. Saa moja je? Ni 86,400, na kila moja yatazamwa na kusafishwa. Awaara ni ndefu kupita saa mbili na nusu.

Raj Kapoor alizaliwa mwaka 1924, akafa mwaka 1988. Mwaka 2024, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, picha zake 10, na Awaara miongoni mwake, zilionyeshwa katika majumba ya senema ya India zikiwa zimetengenezwa upya.

Sasa kiongozi wa kikundi azime redio. Jadilianeni: kama Rita angekuwa binti wa kijiji chenu, baraza la wazee lingemjibu nini? Wanawake waanze kusema.